Honi ya okestra: beli pajani au hewani, mkono bapa au wa kukunja? Ulinganisho kwa anayetaka kuchagua

Mtu akihamia honi ya okestra (French horn) kutoka tenori honi ya bendi, mfano zile bendi za Jeshi la Wokovu, kinachomchanganya mwanzoni sio hata midomo, ni mikono. Kule alizoea vidole vya kulia kubonyeza valvu na beli, ule mdomo mpana wa chombo, inaangalia juu, huku anaambiwa valvu ni za mkono wa kushoto na ule wa kulia uingie ndani ya beli ukae humo muda wote anaopuliza. Akiuliza auingize vipi ndo anapotea kabisa, huyu anamwambia weka beli pajani, yule anasema inyanyue, mwingine anataka vidole vinyooke, mwingine anataka kiganja kikunjwe, na kila mmoja anaongea kama vile njia ni moja tu duniani.

Kwa hiyo naziweka hapa bega kwa bega. Mimi nina upande wangu na nausema mapema usije ukasoma hadi chini ukitafuta: kwa wengi naona waanze na beli pajani, ila mkono ulioko ndani ukae kwa namna ambayo mtu akisimama saa hiyohiyo beli inabebeka na sauti inabaki ileile. Ukiwa na mkono wa namna hiyo, hili la paja au hewani linakuwa suala la mwili wako tu, unabadilisha unavyotaka.

Kwanza tuelewane mkono unafanya nini humo, maana wengi wanadhani ni wa kushikia tu. Shika noti ndefu ya katikati, mkono ukiwa ndani, halafu uchomoe taratibu bila kubadilisha pumzi. Utasikia vitu viwili kwa wakati mmoja, sauti inapanda juu na inakuwa kali, ya wazi, inakosa ule unene wa honi. Sasa jaribu kupanda noti za juu mkono ukiwa nje, zinateleza, huzipati sehemu yake vizuri. Mkono unashusha sauti, unaipa giza, na unazirudisha ndani ya bomba zile hamoniki za juu, yaani noti za juu ambazo bomba linazitoa lenyewe bila valvu, ili midomo ipate kitu cha kushika. Yaani ni sehemu ya chombo kabisa, watengenezaji wanatengeneza honi wakijua kuna mkono humo.

Na ulikuwepo kabla ya valvu. Katikati ya karne ya 18 kule Dresden anatajwa Anton Joseph Hampel kuwa ndiye aliyeupangia utaratibu ufundi wa kuziba na kuzibua beli kwa mkono ili kupata noti ambazo bomba lenyewe halina, na mwanafunzi wake Giovanni Punto akauzungusha Ulaya nzima mpaka Beethoven akamwandikia sonata mwaka 1800. Valvu za Stölzel na Blühmel zilipewa hataza Prussia mwaka 1818, wakati huo mkono wa kulia ulishakuwa na kazi yake kwenye beli, basi valvu zikaenda kushoto na zimebaki hukohuko. Ndo maana anayetoka tenori honi anajiona kama kageuzwa.

Beli pajani

Hii ndo utakayoiona kwa wapigaji wengi wa okestra wakiwa wamekaa. Ukingo wa beli unaegemea paja la kulia, uzito wa chombo unashuka kwenye mguu, mikono inabaki kufanya kazi zake. Honi ya dabo, yenye upande wa F na upande wa B flati, ina uzito wa kama kilo mbili na nusu hivi, mwanzoni unaona ni kidogo lakini mazoezi yakienda masaa mawili bega la kushoto linakuambia. Kwa mtoto au mtu anayeanza, paja linaondoa tatizo moja zima, anabaki kufikiria pumzi na midomo.

Shida yake ni kwamba paja lina urefu wake na halikuulizi. Mauthipisi, kile kipande cha kupulizia, inatakiwa ije kwenye mdomo wako ukiwa umekaa wima unaangalia mbele, sio wewe uifuate. Sasa mwenye kiwiliwili kirefu akiweka beli pajani mauthipisi inaishia kidevuni, basi anainama, shingo inakunjika, pumzi inabanwa, na anadhani ana mapafu madogo kumbe kakaa vibaya. Mwenye kiwiliwili kifupi yeye inampita juu, anainua kidevu na mauthipisi inakandamiza mdomo wa juu. Vyote vina dawa kabla hujaacha paja: mrefu anaweza kuweka kitu chini ya mguu wa kulia goti lipande kidogo, mfupi anarudisha mguu wa kulia nyuma chini ya kiti paja lishuke, au anasogeza beli kuelekea nje ya paja. Kaa mbele ya kiti, usiegemee, geuza magoti kidogo kulia. Ukishajaribu hivyo vyote na shingo bado imepinda, wewe sio wa paja, nenda hewani bila kujilaumu.

Jambo la pili ambalo watu hawaliangalii ni beli inaelekea wapi. Ukiilaza pajani vivyo hivyo bila kufikiri mdomo wake unaelekea tumboni kwako, sauti inaingia kwenye shati na koti. Geuza iangalie nje kulia na nyuma. Ukingo tu ndo uguse paja, tena sehemu ndogo.

Wapo wanaosema paja linanyonya mtikisiko wa shaba na sauti inakufa. Mimi sitaki kubishana na masikio ya mtu, ila ukiweka tofauti hiyo karibu na tofauti inayoletwa na mkono kusogea sentimita moja tu ndani ya beli, ya paja ni ndogo mno. Mtu anayehangaika na paja wakati mkono wake umezama hadi kwenye kifundo cha mkono kaanza na la mwisho.

Beli hewani

Hapa beli haigusi popote. Kushoto unashika mwili wa honi, kidole kidogo kwenye ile ndoano yake, na kulia uzito wa beli unakaa juu ya kidole gumba na fundo la kidole cha shahada, humohumo ndani. Faida kubwa ni mwili kuwa huru: unakaa unavyotaka, unapeleka mauthipisi pembe yoyote unayotaka, na ukisimama kupiga solo hakuna kinachobadilika. Hili la kusimama lina uzito kuliko linavyoonekana, maana mtu aliyezoea paja miaka yote siku anasimama mbele ya watu anagundua mkono wake wa kulia ulikuwa hauna kazi yoyote ya kubeba, sasa anaukaza ili beli isianguke, na ukikazwa unafunga zaidi, sauti inashuka, anaanza kuvuta juu kwa midomo, wimbo haujafika nusu amechoka.

Halafu kuna muziki unaokulazimisha. Mtunzi Mahler anaandika mara kwa mara beli zinyanyuliwe juu, na mwishoni mwa simfoni yake ya kwanza anataka wapiga honi wasimame kabisa. Hapo paja halipo.

Ubaya wake ni uchovu, na uchovu haubaki mkononi. Bega la kushoto likichoka honi inaanza kushuka, ikishuka unaivutia mdomoni, mauthipisi inakandamiza, damu haipiti, noti za juu zinakauka. Kwa mtu mwenye mikono myembamba au anayepona bega mimi nisingemshauri. Kwa mtoto wa miaka kumi na honi ya dabo, hapana. Kuna vijiti vya kuegemezea honi vinavyofungwa chini ya chombo na kushuka kwenye kiti au pajani, hivyo vinakupa urefu unaotaka bila kubeba, kwa mrefu mwenye mgongo mbovu ni suluhisho zuri kuliko zote mbili.

Sasa mkono wenyewe

Hapa ndo penye utajiri na ndo pa kutumia muda wako.

Njia zote nzuri zinakubaliana kwenye haya: vidole vimebanana, hakuna mwanya kati yao hata mmoja, kidole gumba kimelala kwenye ubavu au juu kidogo ya kidole cha shahada kuziba ile pengo, na mgongo wa vidole unagusa ukuta wa beli ulio mbali na mwili wako. Uwazi unabaki upande wa kiganja, upande wa kwako. Kuna wanaolaza mkono kwenye ukuta wa karibu na mwili, vidole vinaelea katikati, hii siiweki kwenye ulinganisho maana huwezi kubeba beli nayo na kuziba inakuwa tabu, ukiiona kwako ihamishe mapema kabla mwili haujaizoea.

Tofauti inaanzia hapo mbele. Mkono bapa ni vidole vilivyonyooka karibu kabisa, vimelala kwenye ukuta, kiganja hakikunjiki sana. Unaacha nafasi kubwa, sauti inatoka nyepesi, inang'aa, inafika mbali, na noti zinaanza kwa haraka bila kusita. Mkono wa kukunja ni vidole vinapinda kidogo kwenye vifundo, kiganja kinatengeneza bonde na kinaangalia upande wako, kinakaa karibu zaidi na njia ya hewa. Sauti inakuwa nene, ya duara, yenye giza, inachanganyika na selo na fagoti vizuri.

Ukisikiliza kwa haraka utampenda wa kukunja, kila mtu anapenda giza. Lakini giza hilo unalisikia wewe uliye nyuma ya beli, aliyekaa mstari wa mwisho ukumbini yeye anapata kitu kilichofifia kisicho na herufi. Ndo maana kurekodi kwa simu iliyowekwa mbali, mbele ya ukumbi, ni lazima kabla hujaamua. Simu weka mbali, isiwe kwenye stendi ya noti. Piga sentensi ileile kwa mkono bapa, kisha wa kukunja, usimwambie anayesikiliza ipi ni ipi. Mara nyingi anachagua ule ulio wazi kidogo kuliko unavyopenda wewe.

Upande wa pili, bapa kupita kiasi nako kuna adhabu yake. Sauti inapanda juu, noti za juu zinapoteza sehemu, na okestra ikiwa laini wewe unasikika kama tarumbeta iliyopotea njia. Ukijaribu kuishusha kwa midomo unaharibu kingine.

Mimi naegemea katikati, karibu na bapa: vidole vimelala ukutani vimenyooka ila havijakakamaa, kiganja kimekunjwa kiasi tu kwamba nikitaka kuziba nasogeza ile sehemu nene ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono, inafunga kama mlango kwenye bawaba, vidole vikiwa ndo bawaba na havihami. Hiki ndo kipimo changu kikuu cha mkono mzuri, je, kutoka wazi kwenda kuzibwa na kurudi unahitaji kuhamisha mkono mzima, au mwendo mmoja tu wa kiganja? Kama unahamisha mkono mzima, nafasi yako ya kawaida haiko sawa, hata kama sauti ni tamu.

Kina cha kuingiza mkono nacho kina maana. Ukiingia ndani sana sauti inabanwa na kushuka, ukikaa ukingoni mwa beli mkono haufanyi kazi yoyote. Pa kuanzia ni kuingiza hadi vifundo vya vidole vikae kwenye ukuta bila kusukuma, halafu upige G ya mstari wa pili kwa upande wa F ukiangalia tyuna (kipima sauti) kwenye simu, sogeza ndani na nje kidogokidogo hadi upate sehemu ambayo noti inatulia na sauti haijafifia. Hapo ndo papo. Baada ya hapo ndo unagusa slaidi ya kutunia, lile bomba la kuvuta na kusukuma ili kurekebisha sauti, sio kabla, maana kila mkono una urefu wake wa slaidi: ukifungua zaidi utahitaji kuivuta nje, ukifunika zaidi utahitaji kuisukuma ndani. Wengi wanafanya kinyume, wanaacha slaidi ilivyo na kurekebisha kwa mkono kila noti, siku nzima mkono unacheza humo ndani na rangi ya sauti inabadilika kila baa. Na kwa aliyeko Dar au Mombasa, joto lenyewe linapandisha sauti ya chombo, jaribu usilipe joto kwa kufunika beli, vuta slaidi.

Beli yenyewe inaamua pia

Mkono uleule hautoi sauti ileile kwenye honi mbili. Conn 8D, honi ya Kimarekani iliyoingia sokoni mwaka 1937, ina koo pana, yaani bomba linapoanza kufunguka kuwa beli, yenyewe tayari ina giza. Ukiweka humo mkono wa kukunja uliofunika sana unaongeza giza juu ya giza, na mwenye mkono mdogo atapata tabu kuziba kwa sababu hewa inavuja pembeni. Honi za mtindo wa Geyer, yule fundi wa Chicago, zina koo la wastani, zinavumilia mkono uliofunika kidogo zaidi na bado zinasema. Alexander 103 ya Mainz, Ujerumani, iliyotoka mwaka 1909, ina sauti yenye ncha yake, wengi wanaoipiga wanailainisha kwa mkono. Honi ya Vienna yenyewe ni ulimwengu mwingine, ya F peke yake, bomba la kama mita 3.7, valvu zake za pampu, na Filihamonia ya Vienna wanaing'ang'ania mpaka leo.

Kwa hiyo mtu akikwambia fanya kama mimi, muulize anapiga honi gani. Mwenye mkono mkubwa na koo jembamba afungue, mwenye mkono mdogo na koo pana aingie ndani kidogo na kukunja zaidi, hii inasaidia kuliko kumuiga mpigaji wa rekodi unayemsikia kwenye YouTube.

Na ukumbi nao. Beli ya honi inaangalia nyuma, unachosikika nacho kinapita kwanza kwenye ukuta ulioko nyuma yako. Ukuta wa zege mtupu utakurudishia sauti kali, funika kidogo. Pazia zito au watu waliokaa nyuma wanainyonya, fungua. Hii ni kazi ya siku ya mazoezi, usiifanye onyesho limeanza.

Nimtaje Felix Klieser hapa, mpigaji wa Ujerumani aliyezaliwa Göttingen mwaka 1991 bila mikono, honi yake inakaa kwenye stendi na valvu anazibonyeza kwa vidole vya mguu wa kushoto. Beli yake haina mkono ndani, na anapiga koncherto za Mozart duniani kote kwa sauti nzuri kabisa, kazi ambayo sisi tunaifanya kwa mkono yeye anaifanya kwa midomo na pumzi. Nikimsikiliza naheshimu zaidi kile midomo inaweza, na naona pia kwamba aliye na mikono miwili asijifunge kwenye umbo moja la kiganja.

Kuziba: mkono au kizibo cha chuma?

Kwenye noti utaona alama ya kujumlisha (+) juu ya noti, maana yake ziba kabisa, na kaduara kadogo maana yake fungua. Wajerumani wanaandika gestopft, Wafaransa bouché. Kuna njia mbili, mkono wenyewe au kile kizibo cha shaba kidogo kinachoingia kwenye beli.

Kabla ya kulinganisha lazima tumalize ubishi unaosumbua watu, kuziba kunapandisha au kunashusha? Fanya hivi. Piga G ya mstari wa pili kwa upande wa F bila valvu, halafu ziba polepole sana huku ukishikilia noti. Sauti inashuka, inashuka, hadi inafika F. Sasa angalia, hamoniki iliyo chini ya G kwenye bomba hilo ni E, na hiyo F uliyofikia iko nusu toni juu ya E. Maana yake ukifunga beli kabisa hamoniki zote zinakaa nusu toni juu ya zile za jirani wa chini. Ukiziba ghafla na kulenga, G inakupa G shapu, ndo maana ukitaka G iliyozibwa unabonyeza valvu za F shapu, yaani valvu ya pili. Anayesema inashuka kasikia mwendo, anayesema inapanda kahesabu mahali ilipofikia, wote wana haki yao, ila kwenye valvu fuata nusu toni chini.

Na piga kwa upande wa F. Upande wa B flati bomba ni fupi, kama mita 2.7, mkono unakula sehemu kubwa zaidi ya urefu huo, sauti inapanda kupita nusu toni na hakuna valvu inayoirudisha sawasawa. Ndo maana baadhi ya honi za B flati pekee zinawekewa valvu ya ziada kwa ajili ya kuziba.

Mkono unashinda kwa kasi. Ile sehemu ya Rimsky-Korsakov kwenye Capriccio Espagnol, honi inapiga wazi kisha inazibwa, wazi kisha inazibwa, huna muda wa kuingiza wala kutoa chochote. Villanelle ya Dukas ya mwaka 1906 inaanza bila valvu kabisa, noti zinatengenezwa na mkono, na ndani yake kuna mwangwi wa nusu kuziba ambapo sauti inashuka kama nusu toni, hapo kizibo hakikusaidii chochote. Ukitaka kugusa trio ya Brahms ya 1865 kwa honi asilia, ile isiyo na valvu, alivyoitaka mwenyewe, unaingia shule nyingine, mkono wa kawaida unafunikwa zaidi kidogo ili noti za wazi na za kuzibwa zisiachane sana kwa rangi.

Kizibo kinashinda chini. Noti za kuzibwa za chini kwa mkono zinakuwa tope, hazisimami, mkono hauwezi kufunga hewa yote na chombo kinatetemeka, kizibo kinazifanya zing'ate na kukaa kwenye tyuni. Kinawafaa pia wenye mkono mdogo kwenye beli pana. Ila kinahitaji baa kadhaa za kupumzika kukiweka, na kikidondoka sakafuni kwenye adajio ukumbi mzima unajua. Usikichanganye na myuti ya kawaida ile kubwa ya koni, ile haibadilishi valvu zako.

Ninayemshauri nani nini

Anayeanza, wa umri wowote mwenye mwili wa wastani, paja, mkono karibu na bapa, na kila wiki asimame dakika chache apige skeli zilezile aone kama tyuna inasema kitu kilekile. Tofauti ikitokea arekebishe mkono hadi iishe. Mrefu anayeinama, hewani au kijiti cha kuegemezea. Anayetaka solo, hewani, lakini ajenge bega taratibu. Anayekaa honi ya pili au ya nne kwenye okestra, paja halina ubaya wowote, kazi yake ni kuchanganyika na noti za chini, afunike kidogo zaidi ya wa kwanza na anunue kizibo mapema kabla ya vitu vingine vyote.

Wa kwanza akikaa wazi na wa pili akafunika sana, oktavu kati yao haitakaa hata kila mmoja akiwa sawa na tyuna yake, kwa sababu rangi hazilingani na sikio linasikia kama mmoja yuko chini. Seksheni ikubaliane, kaeni wanne, pigeni kodi (chord) moja ndefu, kila mmoja na noti yake, mmoja mmoja afungue na kufunika hadi isikike kama chombo kimoja.

Pete vueni, inakwangua beli kwa ndani. Na jasho la mkono linaila shaba isiyopakwa vanishi mpaka inakuwa kijani, hasa huku pwani, basi kitambaa kikavu kikae kwenye kesi na beli ifutwe ndani kila baada ya kupiga, pale vidole vinapolala ndipo panapoharibika kwanza.